Kati ya Li na Me

Walinivua viatu, wakachukua simu,
wakahesabu shilingi elfu kumi na moja na mia tano
wakaziandika kitabuni. Nilingoja mpaka nikaiona hiyo mia tano.
Utepe wa kupimia wakaniachia shingoni:
nani aogope utepe wa fundi cherehani?

Hawakujua kwamba kati ya sentimita sitini na tisini
nimeandika kwa wino, tarakimu kwa tarakimu,
namba ya wakili Letaru,
tangu siku ile alipokuja Oli kutufundisha,
wanawake ishirini, mkeka mmoja,
akasema: simu huzimika, karatasi hulowa,
namba iwekeni mahali panapoguswa kila siku.

Afande Opolot ana mwandiko mzuri, nakiri.
Herufi zake zimesimama kama watoto mstarini.
Akaanza kwa Kiingereza. Nikasema, afande,
Kiingereza changu ni cha kununulia vifungo.
Andika Kiswahili, au mlete mtu wa Kilugbara.
Akashusha pumzi kama gurudumu lililochomwa,
akageuza karatasi, akaanza upya.

Ni habari ya majora matatu ya kitambaa,
buluu ya sare za shule,
niliyouziwa na Onzima mchana kweupe, risiti ninayo,
na siku ya nne mwenye duka akaja analia,
askari nyuma yake.
Nilisema: Nimejua leo kwamba ni mali ya wizi.
Nilisema polepole, kama apitishaye uzi tunduni.

"Weka sahihi hapa, mama, uende ukapike."
Nisomee kwanza.
"Si maneno yako mwenyewe?"
Basi hayatakuwa mageni masikioni mwangu. Nisomee.

Akasoma, kwa sauti ya mtu anayesoma bei.
*Nilijua kwamba ni mali ya wizi.*

Mimi si msomi. Ila nimeshona miaka kumi na saba,
najua nusu sentimita kwapani inavyomnyima mtu pumzi.
Nilijua. Nimejua.
Silabi moja tu imebadilika,
na kati ya li na me nikaona mlango wa chuma,
ndoo kwenye kona,
wanangu wakila kwa jirani mpaka jirani achoke.

"Tofauti ni nini?" akauliza, na nadhani aliuliza kweli.
Hapo ndipo nilipoogopa.
Sikuogopa ubaya wake, niliogopa uchovu wake:
mafaili kumi na matatu mezani, na chai iliyoota ngozi.

Nikanyamaza.
Letaru alisema kunyamaza si kiburi,
Katiba imekushonea mfuko, ulimi uweke humo.
Kisha nikavuta utepe, nikaisoma namba kwa sauti.
Nikasema: niliingia humu jana saa nne asubuhi,
nahesabu, na arobaini na nane si mbali.
Ukutani juu ya kichwa chake kuna bango:
Dhamana ya Polisi ni Bure.
Mtu ametundika kofia juu ya neno bure.

Letaru akafika na tope viatuni.
Li ikakatwa kwa mstari mmoja, me ikaandikwa juu yake,
nami nikatia sahihi ndogo pembeni ya kovu hilo.
Chini ya sentensi ya mwisho palibaki nafasi,
upana wa viganja viwili.
Nikaomba kalamu, nikaikata kwa mshazari.
Fundi haachi pindo wazi;
atakuja mwingine aunge kitambaa chake.

Kaka yangu Drani na mwenyekiti wa kijiji wakanidhamini.
Hakuna shilingi iliyotoka. Mia tano yangu nayo ilirudi.

Majora yamebaki kituoni, ni kielelezo.
Onzima hajaonekana.
Leo nashona kola nyeupe,
na kidole gumba nilichokisugua kwa ndimu na majivu
bado kinaacha alama.
Mteja ameuliza doa hili limetoka wapi.
Nimemwambia aketi.
Nimempa ncha ya utepe:
soma, mama, kuanzia sitini.