Sekunde Thelathini za Kimya

Mimi ndiye mshika maiki wako, Marit.
Miaka ishirini na miwili nimekuinulia mlingoti
juu ya vichwa vya watu wanaojifanya wanapendana,
nami nimesikia, kwa visikizi hivi vilivyochakaa,
mabusu arobaini na moja
na matumbo yakinguruma katikati ya busu.

Kwa filamu ya kwanza uliuza trekta la theluji la mjomba Torvald.
Kipupwe kile njia yake haikufagiliwa.
Alikuja kuitazama kwa miguu, theluji magotini,
akacheka pasipochekesha.
Ilikuwa Duluth, katika ukumbi wa kuangushia pini kwa tufe;
utani wako ulipofika, mtu aliangusha pini zote kumi
na hatukujua shangwe ilikuwa ya nani.

Matamasha yalijibu kwa adabu.
Nyepesi. Tamu mno.
Moja liliuliza: hakuna anayekufa?
Msambazaji kutoka Chicago, soksi rangi ya haradali,
akataka mbwa.
Ukakataa. Ukalipa kodi kwa kupiga picha za harusi,
Jumamosi hadi Jumamosi, ukiwaambia maharusi:
tazamaneni kama mliogombania siagi asubuhi.

Filamu ya nne ina mbwa.
Sisemi kitu.

Gunnar alikuacha kati ya onyesho la kumi na tatu na la kumi na nne.
Ulipangusa uso kwa kiwiko, ukatuambia,
jamani, mvua ya bandia inalipiwa kwa saa.
Mganga hajigangi, watu walisema.
Lakini wewe lini ulidai uganga?

Leo ni ya saba. Duka la mikate la Bi Oletta,
na waigizaji wawili wasiosalimiana tangu Jumanne
wamemaliza kupendana saa nane na robo.
Ndipo ukaomba kile nikipendacho kuliko vyote:
sekunde thelathini za sauti ya chumba.
Asitoke mtu. Asikohoe mtu.

Nikasikia jokofu.
Nikasikia barafu ya ziwa ikipasuka, mbali,
saa ya ukutani, inayochelewa,
koti lako la plastiki likipumua pamoja nawe.
Sekunde ya ishirini na sita,
Bi Oletta, nyuma ya sinia za mdalasini,
akakumbuka kitu, akacheka.

Ukanitazama. Nikatikisa kichwa: imeharibika.

Ukanong'ona, iache.