Kauli ya Kutendwa

Maboksi saba yamefika kutoka bandarini,
yana mhuri wa forodha na harufu ya koti la mtu mwingine.
Historia ya Marekani, kwa watoto wa Gredi ya Saba hadi ya Tisa.
Mwalimu wa historia alihamishiwa Voi mwezi wa pili;
funguo za maktaba zikaniangukia mimi,
mwalimu wa Kiswahili, mhesabu viambishi.

Rafu ni moja. Ya pili imeliwa na mchwa.
Vitabu tisini na vitatu, nafasi ya ishirini, nikivibana.

Naanza na rahisi: hiki hakina jalada, hiki
kurasa zimeshikana kama mkate uliolowa chai,
hiki kizito, kina dhahabu ubavuni,
kila shujaa yuko juu ya farasi na farasi wote weupe.
Nakipima kiganjani. Nakirudisha boksini.

Cha nne chanishika. Lugha nyepesi, picha safi,
sentensi ambazo mtoto atameza bila maji.
Ukurasa wa thelathini na moja:
*Watu waliletwa kutoka Afrika. Walifanyishwa kazi mashambani.*

Waliletwa.

Nimeifundisha kauli hii miaka kumi na sita,
nimeichora ubaoni kwa chaki za rangi:
mtendwa hukaa mbele, mtenda aweza kuachwa
na sentensi isianguke.
Sikujua yaweza kubeba merikebu nzima.

Kando yake ramani: mshale mwekundu, mnene,
ncha yake imefika, ina jina la mji, ina hata mwaka.
Mkia umetoka mahali pasipo jina.

Nikamwita Mbeyu Katana, Gredi ya Saba,
aliyebaki akisubiri mvua ipungue.
Hebu soma hapa, kisha unambie kama chafaa.
Akasoma kwa kidole. Akarudia.
"Mwalimu, n'nani aliyewaleta?"
Geuza ukurasa. Akageuza. Palikuwa na pamba,
kurasa mbili nzima za pamba, na jua zuri.

Mbeyu anakaa Kisauni. Kila asubuhi
hupita Kengeleni, karibu na ile kengele
ambayo magari huipigia honi kana kwamba ndiyo iliyochelewa.
"Na kitabu chetu sisi," akauliza, "chasema n'nani?"

Nikafungua kinywa cha mwalimu.
Nikakifunga.
Ukoo wetu una nyumba Mji wa Kale,
kuta nene kama mkono na kiwiko chake.
Wageni wakiuliza, twasema ilijengwa zamani.
Ilijengwa. Chokaa ilichomwa. Mawe yalibebwa.
Hakuna aliyepata kuniambia mabega ya nani,
nami, mwalimu wa sarufi, sikuuliza.

Mvua ikakatika. Mbeyu akanisaidia kupanga.
Tulipata kumi na tisa vya kusimama bila haya:
vimetaja majina, vimetaja bei,
kimoja kimekiri, *hatujui*, nikakipenda kwa hilo.
Cha nne nilikitia kwenye rundo la kurudishwa.

Asubuhi nikakikuta rafuni, mwisho kabisa,
kimesukumwa kwa nguvu.
Ukurasa wa thelathini na moja, pambizoni, kwa penseli,
herufi za mviringo: *Nani?*
Chini yake amepiga mistari mitatu kwa rula,
ya kujazia jibu, kama kwenye mtihani.

Sheria ya kwanza ukutani, kwa mwandiko wangu:
Usiandike Ndani ya Kitabu.

Nikatafuta mhuri wa shule.
Nikaupulizia pumzi, wino ulikuwa umekauka.
Nikagonga.