Kilima cha Unga

Mwisho wa mwezi hauji Katuba kama ulivyoandikwa kwenye kalenda.
Huja tarehe kumi na tisa, umevaa ndala,
unapiga hodi kwa kidole kimoja.
Naufungulia. Karibu, keti, tuhesabu.

Faranga elfu ishirini na mbili. Siku kumi na mbili.

Unga kwanza, maana bukari haibishani na mtu.
Mama Mwadi anajaza meka mpaka unga unaota kilima,
kisha anakifyeka kwa kiganja.
Mama, namwambia, kilima ni changu.
Anacheka, ananirudishia ngumi moja.
Ngumi hiyo ni uji wa kesho.

Maharage ya madoadoa nayalaza majini
kabla sijaenda lindoni.
Nikirudi alfajiri yamevimba, yamelegea,
makala kidogo tu yanatosha.
Maji ya usiku ni kuni za bure.
Karanga natwanga mwenyewe,
za kusagwa bei yake imevaa suti.

Na matembele?
Matembele yametambaa nyuma ya ukuta wa bwana ninayemlindia.
Yeye huyaita magugu. Ameniamuru niyang'oe.
Nayang'oa kila Jumamosi,
kwa utiifu mkubwa, na chumvi.

Ngoie, mwenzangu wa zamu, anachungulia sahani yangu kwa tochi.
Nyama iko wapi? Hata kitoyo? Hata dagaa mmoja wa kunusisha mchuzi?
Sili kilichokuwa na macho, namwambia.
Ananyamaza. Anadhani nina deni.
Kesho yake ananiletea paja la kuku ndani ya gazeti,
la moto bado, mafuta yamekula nusu ya habari,
nami nasimama nalo langoni kama mtu aliyepewa mtoto asiye wake.
Nitamwelezaje kwamba mfuko na moyo ni milango miwili,
kwangu yote imefungwa,
ila kila mmoja una ufunguo wake?

Nilifanya kazi machinjioni miaka sita.
Sitasimulia.
Nitasema tu kwamba yuko mbuzi mmoja
aliyeulamba mkono wangu, huu wa kulia,
akitafuta chumvi.

Muuguzi Bilonda alinitazama kucha, akanivuta kope,
akauliza kama ni mfungo wa kanisa.
Si mfungo.
Basi sikiliza, akasema, usije ukaniangukia hapa:
bukari na maharage ni mume na mke, usiwatenganishe.
Majani yakamulie limau, chuma chake kipate kuingia damuni.
Na kidonge hiki kimoja kwa wiki,
kwa sababu shamba halina kila kitu, asikudanganye mtu.
Kidonge kinauzwa.
Ndiyo maana chai yangu haina sukari.

Usiku, malori ya madini yanapopita yakitetemesha lango,
nawaza: mji mzima unachimba shaba,
mimi nachimba chuma kwenye matembele.

Jana nilikuwa na mia tano isiyo na kazi.
Nikanunua chikanda, kipande kinene, chekundu kwa pilipili,
nikakikata kwa kisu cha Ngoie.
Alitafuna kimya. Akatafuna tena.
Nyama ya nini hii?
Ya ardhini, nikasema. Mizizi na karanga.
Akaangalia kisu chake kwa muda,
kisha akaomba nusu yangu.
Nikampa. Paja lile la kuku nililimpa mbwa wa jirani,
na hilo sijamwambia mpaka leo.

Tarehe ishirini na saba.
Unga umebaki chini ya nusu, maharage ni ya kuhesabu kwa kidole,
limau moja limekauka likawa kama goti langu.
Lakini jioni hii mvua ya kwanza imenyesha,
na bati limepiga kelele mpaka nikakosa usingizi wa kabla ya zamu.
Watoto watasimama barabara ya Likasi
na uyoga mpana kama mwavuli, wameubeba kwa mikono miwili.

Nitapita huko.
Nitauliza bei tu.
Kuuliza hakulipiwi.