Tuta la Kokoto

Muuguzi alipiga simu nikiwa na unga mikononi.
Namba ya Zoi imepanda, akasema. Ile ya damu.
Risasi.
Hapa Port Pirie hatuogopi ya bunduki;
yetu haina mlio.
Hushuka na vumbi kutoka kwenye dohani ya tanuru
ambalo Pandelis wangu alilichochea miaka thelathini na mmoja,
ikalala kwenye udongo wa nyanya zangu,
haina haraka.

Basi nikang'oa nyanya.

Nikanunua tangi la mitumba, lita elfu moja, lenye kizimba cha chuma.
Nililinusa kwanza, ndani na nje:
usimwamini muuza tangi anayeapa lilibeba sharubati tu.
Nikakata theluthi ya juu kwa msumeno, nikaipindua,
ikawa tuta. Chini maji, juu kokoto,
kokoto nilizoziosha hadi ndoo ya kumi na tisa
ndipo zikaacha kutema uji.

Pampu ikapandisha. Maji yakajaa taratibu kati ya mawe,
yakafika shingo ya bomba,
kisha yakaporomoka yote kwa pamoja: gubu!
Kila robo saa, mchana na usiku.
Pandelis akahamishia mto wake chumba cha pili.

Wiki sita nililisha maji matupu,
matone ya amonia kwa sirinji ya dawa ya mtoto.
"Unampikia mgeni ambaye hajazaliwa," alisema Pandelis.
Lakini wageni walikuwamo,
wadogo mno kupiga hodi.
Niliwajua kwa rangi, kwenye vichupa nilivyovipanga dirishani:
manjano, kijani, kijani cha kutisha,
kisha zambarau kama jicho lililopigwa ngumi.
Siku kumi na moja za zambarau.
Nilishashika ndoo nimwage kila kitu,
hadi Jumanne moja, buluu nyepesi.
Wa kwanza walikuwa wamekula sumu,
wa pili wamekula makombo ya wa kwanza,
na mizizi ikingoja zamu yake.

Sangara wa fedha, thelathini, kila mmoja kama kidole cha Zoi.
Nilimkataza kuwapa majina. Alikuwa ameshamaliza.

Januari, nyuzi arobaini na nne, umeme ukakatika.
Kilichoniamsha ni kimya:
gubu haikuja.
Samaki wote juu, midomo nje, wakitafuna hewa.
Nikachukua jagi. Chota, inua,
mimina kutoka juu, maji yapasuke, yameze pumzi.
Chota, inua, mimina.
Mkono ulipokufa ganzi, jagi likachukuliwa.
Pandelis, na kaptura yake ya kulalia,
bila neno, akimimina kwa mwendo wa zamu ya usiku,
mwendo wa mtu aliyezoea kulisha kisichoshiba.
Kulipopambazuka tulikuwa tumepoteza saba.
Tulimwambia Zoi watano.
Alihesabu mwenyewe.

Sasa kuna betri, na pampu ndogo ya hewa.
Kuna soksi ya Pandelis iliyojaa magamba ya chaza,
inaning'inia ndani kuzuia maji yasichachuke.
Kuna daftari: chakula cha dakika tano, si zaidi.
Mwezi Machi majani machanga yaligeuka manjano,
mishipa peke yake ikabaki kijani: njaa ya chuma.
Katika mji unaokula mawe na kutema madini
nililipa dola ishirini kwa kijipakiti cha chuma.
Pandelis alicheka mpaka akakohoa.

Leo nimemruhusu Zoi ang'oe letasi peke yake.
Ameikung'uta kwa nguvu, kama nilivyomfundisha zamani,
na hakikuanguka kitu ila maji.
Ameitazama mizizi, mirefu, myeupe,
ndevu za Padri Anargyros.
Kisha amekimbilia bombani kunawa:
vidole, kucha, mpaka viwiko,
akihesabu kwa sauti hadi ishirini.

Sikumwambia hakuna haja.
Juu ya uzio, dohani ilikuwa inaonekana.