Saa ya Kuingia, Saa ya Kutoka

Mimi ndiye mwandika daftari, Darlene,
Idara ya Maji na Umeme, Nebraska,
mji wa watu mia tisa na ghala la mahindi
lililolipita kanisa kwa urefu.
Kazi yangu ni safu mbili:
saa ya kuingia, saa ya kutoka.
Kwa wino.

Leo baridi inauma hadi kwenye kucha
na shimo la pampu nambari tatu limeziba.
Vernon Kubicek amekuja na buti zake na kejeli zake.
Miaka thelathini na moja ameingia humo
kama aingiavyo chooni kwake,
bila kamba, bila kipimo, bila kumwaga mtu.
"Karatasi haizibui bomba," huniambia,
na akichoka kubishana: "Siku ikifika, imefika."
Ajali haina kinga, basi,
mjadala umekwisha, mtu anavaa kofia anakwenda.

Lakini sasa ukutani pana kanuni,
kurasa arobaini kutoka makao makuu ya jimbo,
na pana Eliseo Tzoc, miaka ishirini na miwili,
aliyekwenda mafunzo siku tatu
akarudi na cheti na woga.
Huyo ndiye asimamaye mdomoni mwa shimo.
Haruhusiwi kuingia, hata akiitwa. Hata akililiwa.

Aliteremsha kipimo kwa uzi
kama mtu atekaye hewa kisimani.
Mita moja, kimya.
Mbili, kimya.
Ya tatu kikalia,
mlio mwembamba wa kifaranga aliyepotezwa na mamaye.
Vernon akainama, akavuta pumzi. "Sisikii harufu yoyote."
"Ndiyo hivyo," kijana akasema.
"Mwanzo hunuka yai viza. Ikizidi,
pua hutangulia kufa."

Wakafunga feni. Wakangoja.
Simu yangu haikupumzika:
Bi Ardith Vondra, maji machafu yamefika
ngazi ya pili ya chumba chake cha chini.
Tunangoja hewa, nikamwambia.
"Hewa ipi? Si imejaa tele huko nje?"

Vernon aliingia ofisini kuota moto.
Hakuketi. Alikwenda kwenye rafu, akatoa
daftari la mwaka tisini na nne, akalifungua
bila kutafuta ukurasa.
Mwandiko wa aliyenitangulia:
*Milo Kubicek, saa mbili na dakika arobaini.*
Safu ya pili tupu.
Ndugu yake. Wiki iliyofuata
aliajiriwa yeye, kuziba pengo.

Nilidhani miaka yote hii ni ukaidi.
Kumbe kuikubali kamba
ni kukubali kwamba kamba ingetosha,
kamba ya dola sitini
na mtu mmoja wa kuishika.
Afadhali siku iwe ilifika.

Alifunga daftari, akavaa mikanda mwenyewe,
akakosea kifungo cha paja, Eliseo akakirekebisha,
na hakuna aliyetania.
Kila mmoja akatia kufuli lake jekundu
kwenye swichi ya pampu, ufunguo mfukoni.
Nikaandika: saa tano na dakika hamsini na mbili.

Sitasema niliyoyawaza humo katikati.
Winchi ililalamika. Kofia, mabega,
mkononi fundo la vitambaa vya kupangusia watoto,
zito kama paka aliyekufa maji.
"Haya ndiyo yanayotuzuia," akasema, akatema mate.
Saa sita na dakika thelathini na moja.
Niliikoleza kalamu mpaka karatasi ikatoboka.

Alhamisi akaja mkaguzi, mtu mpole mwenye mafua.
Alikuta kosa moja: beseni la kuoshea macho
limezuiwa na ndoo ya deki.
Dola mia mbili, siku thelathini kurekebisha.
Ukurasa wangu hakuufungua;
hakuna kilichotokea siku ile.

Ndoo nimeihamisha.
Sakafuni imebaki duara ya kutu,
nasugua, haitoki.