Mtu wa Kopo la Rangi

Kidonge cha Mama Aikande huingia mfukoni mwa kinasi
na kuketi humo, kama mtu aliyekalia kiti cha mwenzake
akijifanya hasikii anaambiwa aondoke.
Kinasi, mwasha swichi, anakosa pa kushika.
Seli inanyamaza
hadi kesho saa mbili, baada ya uji.

Miaka minne, uji na kidonge.
Mwaka wa tano seli nyeupe zimefurika tena:
herufi moja imebadilika ukutani mwa mfuko,
kidonge kinabisha hodi, hakiitikiwi.

Niko maabara, ghorofa ya pili, Moshi,
mlima umejifunika tangu Jumatatu.
Nimemchora ubaoni mwingine: ligasi.
Huyu hana mfuko. Mgongo wake laini
kama jiwe la mto Karanga, utamshika wapi?
Swichi hazimhusu. Ana kopo na brashi.
Hupita, huipaka protini alama, huenda zake.
Nyuma yake tingatinga.

"Basi tusimzuie," anasema Elirehema, mwanafunzi wangu.
"Tumwoneshe nyumba.
Dawa iwe mkono begani: si ile, hii.
Kinasi akishabomolewa, atabadili kitasa gani?"

Ni hoja. Nimeiandika kwa wino wa bluu.

Lakini mimi nimezaliwa Pasua.
Mwaka wa barabara mtu wa kopo alikuja
na ramani ameishika kichwa chini,
akapaka X nyekundu kwetu, akamruka jirani.
Mama aliisugua kwa mchanga, kwa petroli,
kwa gunzi. Ikazidi kung'aa.
Tuliokoa mlango tu. Tukauegemeza kwenye mgomba,
na mdogo wangu akawa anaufungua na kuufunga.

Tena ipo dawa ya zamani, ya usingizi na kichefuchefu,
iliyomshika begani mpaka rangi huyuhuyu, hakuna aliyejua.
Watoto wakazaliwa, mikono haijafika.
Leo dawa ileile inatibu saratani ya uboho.
Rangi ni moja. Ni nyumba tu.

Elirehema ameshika kifutio, anangoja.

Saa tisa Mama Aikande amepita dirishani,
kanga ameitupia begani, kadi ya kliniki mkononi.
Kile kipya kimefika?
Bado, mama.
Hakuuliza kama kinaziba au kinabomoa.
Ameuliza kama kitamezwa kabla ya uji
au baada.