Nyekundu Mbili

Meli yangu ya kwanza ilikunywa rangi kopo zima.
Niliipaka kama mwenye njaa anavyopaka siagi:
madirisha yakaziba, ngazi zikawa makovu,
na juu ya sitaha, kando ya bomba la moshi,
gundi ikapiga muhuri wa kidole changu gumba.
Niliifungia kabatini pamoja na viatu vya mazishi.

Ya pili niliipeleka kwa Ondina,
chumba cha chini, nyuma ya soko la Pula,
ambako kila Alhamisi watu saba huinamia taa
kama wacheza karata wasiodaiana.
Aliikagua kwa lenzi. Akaivua lenzi.
"Umeshamaliza kupaka," alisema. "Sasa anza."
Tone moja la rangi, mawili ya kiyeyusho,
iwe nyepesi kama chai ya mtu bahili.
Tabaka la kwanza liache plastiki ione aibu.
Subiri. La pili. Subiri.
Na usipulize, pumzi ina mate.

Kusubiri ndiko kulikonishinda.
Kati ya tabaka na tabaka niliosha vyombo safi.
Nilijifunza msasa wa maji, mia nne, mia sita, elfu,
hadi nusu mbili za tumbo la meli
zikasahau kwamba ziliwahi kuwa mbili.
Papo kwa papo kamba hukata jiwe;
papo kwa papo, mimi nilimaliza kucha.
Nilijifunza kuvuta plastiki juu ya mshumaa
ikawa kamba ya mlingoti, nyembamba kuliko ukope.

Kisha kutu. Ah, kutu niliipenda mno.
Niliimwaga kila mahali, kama mpishi aliyegundua pilipili.
"Kutu si upele," Ondina alisema. "Kutu hufuata maji.
Maji yametoka wapi? Yameshukia wapi?
Ukiijua njia, chora njia."

Ya tatu ni *Velika Draga*, meli ya mizigo,
moja kwa mia tatu hamsini:
mtu mzima juu yake ni punje ya ufuta.
Ile ya chuma aliipaka baba yangu, Zvane,
katika baridi ya mwaka sabini na nne.
Alirudi jioni na nyekundu kwenye kope,
na mama akamfulia nguo katika beseni la peke yake.

Nilimwekea mezani. Nyekundu moja, laini, bila alama ya brashi.
Nilingoja sifa, nakiri.
Mikono yake siku hizi hugonga kama kijiko ndani ya treni;
aliificha chini ya meza, akaonyesha kwa kidevu.
"Meli ya nani hii?"
"Yako, baba."
"Yangu ilikuwa na nyekundu mbili.
Hapo omoni, nyuma ya nanga, tuliishiwa.
Kopo la Jumatatu likakataa kuoana na la Ijumaa.
Msimamizi akasema, maji yatasitiri.
Meli tupu haisitiriwi. Bandari nzima iliona."

Wiki tatu niliitafuta aibu hiyo.
Kahawia kwa ncha ya sindano. Chungwa kwa ncha ya sindano.
Nilipaka vipande vya plastiki, nikampelekea dirishani,
nje upepo wa bura ukitikisa vioo.
"Bado."
"Bado."
"Hiyo damu. Hatukuwa wachinjaji."
Cha kumi na nne alikishika mwenyewe,
kikatetemeka naye, na hakusema kitu.

Nilipaka kiraka kile kwa siku mbili.
Akaomba na ubao wa kukalia, ule wa kuning'inia.
Nikakata karatasi ya sigara, nikafunga uzi,
nikachonga punje yangu, nikaikalisha.

"Mguu wa kushoto uning'inie zaidi," alisema.
"Ulikuwa ukifa ganzi."

Sasa nina mguu kwenye koleo,
mdogo kuliko neno lolote la kuuita,
na nimebana pumzi.
Umeanguka mara mbili.
Baba yuko zuliani, kwa magoti, anautafuta.
Nimemwambia aache. Haachi.